MAWAZO YA MOYONI NA MATENDO YA MKONONI

(Hotuba iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka, na kutiwa katika kitabu hiki kwa ombi la wanachama)



Halmashauri ilitupa sisi wachache kazi ya kutayarisha maneno juu ya jinsi mawazo ya mtu ya ndani yanavyoongoza matendo yake, na jinsi yanavyowagusa wenzake hata kama hakuyatamka. Huenda wengine wakadhani kwamba jambo hili ni la mahubiri, au la wanafunzi wa chuo kikuu, wala si la chama cha kuzikana na kusaidiana. Sisi twaona kwamba hakuna jambo lililo karibu zaidi na chama chetu, kwa maana chama kama hiki hakina mali nyingine. Hatuna shamba. Hatuna jengo la kupangisha. Hatuna askari wa kumkamata asiyeleta mchango. Tulicho nacho ni hiki tu, kwamba kila mmoja wetu atoapo shilingi zake awaza moyoni kuwa siku atakapofiwa wenzake watasimama naye. Wazo hilo likiondoka, hata daftari liandikwe kwa wino wa dhahabu, chama hakipo tena.

Wahenga walisema, Lisemwalo lipo, na kama halipo laja. Watu wengi hulitumia neno hili kuutetea uvumi wao; mtu akisha kumchafulia mwenzake jina, akiulizwa ushahidi, hujibu kwa methali hii na kwenda zake. Lakini mkiitazama vizuri mtaona kuna jambo la kushangaza ndani yake. Kama lisemwalo halipo, laja kwa sababu gani? Mara nyingi laja kwa kuwa limesemwa. Na kabla ya kusemwa lilikuwa limewazwa.

Mwaka 1948 mtaalamu wa Kimarekani wa mambo ya jamii, Robert Merton, aliandika makala juu ya jambo hilihili, na makala yake ikapata sifa kubwa. Alitoa mfano wa benki yenye hali njema. Siku moja uvumi waenea kwamba benki hiyo yafilisika. Ni uwongo mtupu. Lakini kila mwenye akiba akimbilia mlangoni ili achukue fedha zake kabla ya mwenziwe. Na kwa kuwa hakuna benki iwekayo akiba zote za watu sandukuni zikingoja, haipiti muda benki yafilisika kweli. Uwongo wa asubuhi umekuwa kweli ya jioni, na yule aliyeuanzisha atembea njiani akisema, "Je, sikuwaambia?"

Sasa tutoke katika benki ya Marekani, tuingie katika Sanduku letu la Misiba. Mwanachama mmoja awaza, wala hamwambii mtu, "Wengine hawatoi, mimi nitoe kwa nini?" Mwezi huo auchelewesha mchango wake. Jirani yake aona katika daftari mahali pasipo alama, naye awaza vivyo hivyo. Hakuna aliyeiba hata senti moja. Hakuna aliyegombana na mtu. Kisha siku ya msiba mweka hazina afungua daftari akuta mapengo. Maiti yalala katika chumba cha maiti na ada ya kila siku yaongezeka. Gari la kuusafirisha mwili hadi nyumbani halijalipiwa. Na mjane ameketi na jamaa zake akitazama mlango. Hapo ndipo watu waseme, "Sisi tulijua zamani kwamba chama hiki hakitafika mbali." La, hawakujua. Walikizuia kisifike.

Pengine mtu atauliza, "Lakini ikiwa nimewaza tu, na kinywa changu nimekifunga, wazo langu litamfikiaje mwingine?" Swali hili ni zuri, na jibu lake tutalipata kwa farasi.

Mwanzoni mwa karne ya 20, mjini Berlin katika Ujerumani, palikuwa na mwalimu mstaafu wa hesabu aitwaye Wilhelm von Osten, aliyekuwa na farasi jina lake Hans. Mzee huyu alimfundisha farasi wake hesabu kwa miaka, kama vile afundishwavyo mtoto. Akimwuliza tatu na mbili ni ngapi, Hans alipiga kwato chini mara tano, akanyamaza. Watu walijaa uani kumtazama. Mwaka 1904 iliundwa tume ya wataalamu kuchunguza kama pana hila, nayo haikuona hila yoyote. Mzee hakuwa mlaghai, wala hakuwatoza watu fedha kwa kumtazama farasi wake. Ndipo kijana mmoja msomi, Oskar Pfungst, akafanya uchunguzi wa pole pole, akatoa habari zake mwaka 1907. Aligundua kwamba ikiwa mwenye kuuliza mwenyewe hajui jibu, Hans naye hajui. Tena Hans akizuiwa asimwone mwenye kuuliza, elimu yake yote yapotea.

Mambo yalikuwa hivi. Mtu alipouliza swali, aliinamisha kichwa kidogo sana ili aitazame kwato, na Hans akaanza kupiga. Hesabu ilipofika mahali pa jibu, yule mtu, bila ya kujijua, aliinua kichwa chake kiasi ambacho jicho la mwanadamu halikuweza kukiona. Hans alikiona, akaacha. Farasi hakuwa akisoma hesabu. Alikuwa akisoma moyo wa mwenye kuuliza kama ulivyoandikwa shingoni na usoni mwake. Na jambo lililotushangaza zaidi sisi ni hili: Pfungst mwenyewe, aliyeivumbua siri hiyo, alipojaribu kuzizuia ishara zake ili farasi asizione, alishindwa. Wazo lilitoka tu. Von Osten, kwa upande wake, hakuukubali uchunguzi ule, akafa mwaka 1909 akiwa na uchungu.

Ndugu, ikiwa farasi aweza kuyasoma mawazo ya mtu kwa kuutazama ukosi wake, je, mtoto wako hawezi? Mkeo hawezi? Kijana aletaye mchango wake mbele ya meza ya Halmashauri, yeye hawezi?

Hapa tunafika penye jambo lenyewe, nasi tutalisema kwa heshima lakini bila ya kuzunguka. Katika mikutano ya mwaka huu limesikika neno, mara kwa sauti na mara kwa kukohoa, kwamba vijana wa siku hizi hawaaminiki katika fedha. Na katika kanuni zetu kimo kifungu kisemacho kwamba mwanachama aliye chini ya miaka 35 asiingie katika Halmashauri wala asishike fedha za chama. Hatuwalaumu waliokitunga, walikuwa na sababu zao na wengine wao wamekwisha tangulia mbele ya haki. Sisi twataka kutazama jinsi wazo hilo lifanyavyo kazi likisha kukaa moyoni.

Tuwaze mkutano wa kila mwezi, na mfano huu si wa mtu fulani, kwani kila mwenye macho amekwisha uona mahali fulani. Mzee aleta michango aliyokusanya mtaani kwake. Mweka hazina aipokea, aihesabu mara moja, amshukuru, amwonyesha kiti. Nyuma yake kijana aleta michango ya mtaa wake. Mweka hazina aihesabu, aihesabu tena, aligeuza daftari huku na huku, aulizia jina moja ambalo limeandikwa wazi mbele yake, kisha asema "Haya," bila ya kuinua macho. Hakumtukana. Hakumwita mwizi. Ukimwuliza, ataapa kwa dhati kwamba hakumfanyia lolote. Lakini kijana yule ameyaona yote, kama Hans alivyokiona kile kichwa.

Mwezi wa pili kijana aja amechelewa. Mwezi wa tatu auma maneno akiulizwa jambo. Mwezi wa nne atuma michango kwa mkono wa mwingine, na daftari lake halikuandikwa vizuri kwa sababu moyo wake hauko tena katika kazi ile. Basi mzee awageukia wenzake asema, "Mwaona? Ndivyo walivyo." Naye asema kweli, kwa maana sasa ndivyo alivyo. Lakini ni nani aliyemfanya kuwa hivyo? Na kijana naye, aendapo kwa wenzake, asema, "Wazee wale hawatupendi, watutaka kwa michango tu." Naye pia asema kweli ambayo ameisaidia kuja, kwa kuwa uso wake uliokunjwa umewafanya wazee wazidi kumwepuka. Hivyo kila upande wajiona umethibitishiwa, na hakuna upande uliosema uwongo. Hiyo ndiyo hatari ya mawazo ya namna hii: huleta ushahidi wake yenyewe.

Na msidhani kwamba jambo hili huwapata wasiosoma tu. Huwapata walimu. Katika miaka ya 1960, katika shule moja ya watoto wadogo karibu na San Francisco huko Marekani, Profesa Robert Rosenthal na mkuu wa shule hiyo, Bibi Lenore Jacobson, waliwapa watoto mtihani, kisha wakawapa walimu majina ya watoto wapatao mmoja katika kila watano, wakisema kwamba mtihani umeonyesha watoto hao watachanua akili mwaka huo. Kumbe majina yale yalichaguliwa kwa bahati nasibu tu, kama mtu achaguavyo mahindi gizani. Mwaka wa masomo ulipokwisha, wakawapima tena. Na katika madarasa ya chini, la kwanza na la pili, watoto waliotajwa walikuwa wameongezeka kuliko wenzao. Walichapisha habari hizo katika kitabu mwaka 1968.

Wataalamu wengi walikipinga kitabu kile, wakasema kwamba mambo yametiwa chumvi, na uchunguzi uliofanywa miaka ya baadaye umeonyesha kwamba nguvu ya wazo la mwalimu ni ndogo kuliko ilivyodhaniwa mwanzoni. Twalitaja hilo kwa kuwa hatupendi kuwauzieni maji kwa bei ya maziwa. Lakini wachunguzi haohao wameona kwamba nguvu hiyo huelekea kuwa kubwa zaidi kwa watoto ambao tangu zamani wamedharauliwa. Na alipoulizwa ni kwa njia gani wazo la mwalimu humfikia mtoto, Rosenthal hakutaja uchawi wowote. Alisema kwamba mwalimu humwonyesha uso mwema zaidi mtoto amtumainiaye; humfundisha mambo mengi zaidi; akimwuliza swali humngoja ajibu, hali yule mwingine hukatizwa mara moja; na akikosea humweleza kwa makini mahali alipokosea. Uso, kazi, subira, na masahihisho. Akina mama mliolea watoto wengi mwajua habari hii bila ya kwenda California. Mtoto umleavyo ndivyo akuavyo, na malezi huanza katika jicho.

Wazee wetu nao wana ushahidi wa nyumbani, mkubwa kuliko wa shule ile, kwa sababu nchi hii yote ilipata kutawaliwa kwa wazo lililokuwa mioyoni mwa watu wengine juu yetu.

Ikumbukeni habari ya kipande. Sheria yake ilitungwa mwaka 1915, ikaanza kutumika baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Kila mwanamume Mwafrika tangu umri wa miaka 16 alitakiwa kuchukua karatasi yenye alama za vidole vyake na habari za kazi yake kwa kila mwajiri, na aliichukua ndani ya kikebe cha chuma kilichoning'inia shingoni. Kile kikebe kilikuwa nini? Kilikuwa wazo lililofuliwa likawa chuma. Kabla ya fundi kukifua, mtu alikuwa amekwisha kuwaza moyoni, "Hawa ni watoro." Na baada ya watu kuvishwa kengele kama mbuzi, wengi walitoroka kweli, na kila aliyetoroka alihesabiwa kuwa ushahidi. Harry Thuku na wenzake walikuwa miongoni mwa waliokipinga kipande. Yeye alikamatwa mwezi wa Machi mwaka 1922, na watu waliokusanyika Nairobi kudai aachiliwe wakapigwa risasi tarehe 16 ya mwezi huo. Mpaka mwaka 1947 ndipo taratibu ile ikaondolewa, ikawekwa ya kuwaandikisha watu wa rangi zote.

Ama habari ya pili, wachache huikumbuka, nasi twataka iandikwe katika kitabu hiki. Alikuwako daktari Mzungu, J. C. Carothers, aliyeisimamia Hospitali ya Mathari, Nairobi, kwa miaka mingi. Alipostaafu aliandika kitabu juu ya akili ya Mwafrika, na Shirika la Afya Duniani likakichapisha mwaka 1953. Humo alimfananisha Mwafrika na Mzungu aliyefanyiwa upasuaji wa sehemu ya mbele ya ubongo. Watu aliowatumia kama mizani walikuwa, kwa sehemu kubwa, wagonjwa waliofungiwa hospitalini. Mwaka uliofuata, 1954, Serikali ya Kenya ilichapisha kitabu chake kingine juu ya Mau Mau, ambamo vita vya watu waliodai ardhi na uhuru vilielezwa kana kwamba ni ugonjwa wa nafsi, na mojawapo ya mashauri yake ilikuwa kuwakusanya watu vijijini. Mwaka huohuo wa 1954 watu wa Kikuyu, Embu na Meru walianza kuhamishwa kwa nguvu kutoka makwao; waliohamishwa walizidi milioni moja. Hatusemi kwamba kitabu kimoja ndicho kilichofanya hayo. Bunduki na tamaa ya mashamba zilikuwako kabla ya kitabu. Lakini mtu akisha kumwaza mwenzake kuwa mgonjwa, hamwulizi tena ana shida gani. Ndiyo kazi ya wazo. Huondoa swali.

Na sasa tazameni mwaka uleule katika nchi nyingine ya Kiafrika. Mwaka 1954 Daktari Thomas Adeoye Lambo, Mnaijeria aliyesomea maradhi ya akili Uingereza, alianza kazi huko Aro, karibu na Abeokuta. Yeye hakuwaza kwamba mgonjwa wa akili ni mnyama wa kufungiwa. Aliwaza kwamba ni mtu, na kwamba mtu hupona akiwa katikati ya watu. Basi aliwapangishia wagonjwa vyumba katika vijiji vilivyo jirani na hospitali, kila mmoja pamoja na jamaa yake. Mchana walikwenda kutibiwa, jioni walirudi kijijini wakala, wakacheza ngoma, wakafanya kazi. Wenyeji, ambao mtu angedhani watakimbia, waliwapokea. Mpango wa Aro ulisifiwa katika nchi nyingi, na Daktari Lambo mwenyewe, tangu mwaka 1973 hadi 1988, alikuwa Naibu wa Mkurugenzi Mkuu wa Shirika lilelile la Afya Duniani lililokuwa limekichapisha kitabu cha Carothers.

Ugonjwa ulikuwa wa namna moja na bara lilikuwa moja, wala mwaka haukuwa mwingine. Kilichotofautiana kilikuwa wazo lililotangulia mlangoni kabla ya daktari kuingia.

Lakini ubaya mkubwa wa dharau si ule ulio moyoni mwa mwenye kudharau. Ni ule ambao aliyedharauliwa aichukua, akaitia moyoni mwake, akaanza kuitumia kwa nduguze. Tulipofundishwa kwamba Mwafrika hawezi kushika fedha, wengi wetu tuliamini, tukapita mbele ya duka la ndugu yetu tukaenda kununua kwa mwingine, na duka la ndugu lilipofungwa tukasema, "Duka la mtu mweusi halidumu." Jaramogi Oginga Odinga alipoacha ualimu akaanzisha shirika la Luo Thrift, lililosajiliwa mwaka 1947, alikuwa akipigana na wazo hilo kuliko alivyokuwa akitafuta faida. Alikwenda kwa watu wa mapato madogo, akawaomba wanunue hisa, na kila aliyenunua hisa ilimbidi kwanza awaze kwamba mtu mweusi mwenzake aweza kutunza shilingi yake. Twadhani hiyo ndiyo iliyokuwa sehemu ngumu ya kazi ile, kuliko kupata bidhaa za kuuza.

Basi tujiulize kwa uaminifu. Hayo tusemayo juu ya vijana wetu leo, tuliyatoa wapi? Ni ushahidi tuliouona, au ni kile kikebe cha zamani, ambacho sasa twajaribu kuwavisha watoto wetu?

Tusije tukaeleweka vibaya. Wako watu siku hizi, na vitabu vyao vyauzwa vituo vya mabasi, wanaofundisha kwamba mtu akiwaza mali atapata mali, na akiwaza afya atapona. Sisi hatumo. Malaria haiondoki kwa kuwazwa vizuri; huondoka kwa dawa na chandarua. Wala kumwaza mwizi kuwa mwaminifu hakumfanyi aache kuiba. Wazo halifanyi kazi angani. Hufanya kazi kwa kupitia mkononi, usoni, katika kiti unachomwonyesha mtu na muda unaomngoja ajibu. Kwa hiyo hatusemi kwamba daftari lifungwe na risiti zitupwe kwa kuwa sasa twaaminiana. Kinyume chake. Hesabu ikaguliwe kuliko ilivyopata kukaguliwa, ila ikaguliwe ya kila mtu kwa kipimo kimoja. Fedha za kijana zikihesabiwa mara mbili, na za mzee zihesabiwe mara mbili, tena mbele ya macho yaleyale. Kuhesabiwa hakumwumizi mtu. Kinachoumiza ni kuhesabiwa peke yako.

Iko na sababu nyingine, isiyo ya falsafa. Wengi wetu tuliomo humu tumefika umri wa kupokea kuliko wa kutoa. Tutazameni vichwa. Mchango wa mwezi waletwa zaidi na walio kazini, na walio kazini ni wale walioketi nyuma. Tangu M-Pesa ilipoanzishwa nchini mwaka 2007, michango yetu mingi yapita katika simu, na mara nyingi mzee akitaka kujua kama fedha zimefika humpa kijana simu yake amsomee. Tumekwisha waamini, basi, bila ya kukiri. Twawapa simu zetu pamoja na namba za siri, halafu twaogopa kuwapa daftari. Na siku jeneza litakapofika kijijini wakati wa mvua, gari likakwama mtoni, watakaoshuka kulibeba begani mpaka uani si sisi wenye magoti haya.

Vijana nanyi, tuna neno kwenu, si refu. Mnapoingia mkutanini mkiwa mmekwisha kuwaza kwamba wazee hawatasikia, huketi nyuma, hutazama simu, hutoka kabla ya hesabu kusomwa. Nasi twaona. Nanyi pia huinua kichwa bila ya kujijua. Mwenye hoja na aje mbele aiseme akiwa amesimama, na akikataliwa mara ya kwanza arudi nayo mara ya pili, kama wazee hawa walivyofanya walipokuwa na umri wenu mbele ya watu wagumu kuliko sisi.

Bwana Mwenyekiti, kwa idhini yako twaweka mbele ya mkutano mapendekezo mawili ambayo Halmashauri imeyakubali yaletwe kupigiwa kura. La kwanza, kifungu cha miaka 35 kifutwe, na mahali pake kiandikwe kwamba kila ashikaye fedha za chama, awe na umri wowote na cheo chochote, atazihesabu mbele ya wanachama wawili, atapewa risiti hapo hapo, na hesabu yake itasomwa hadharani kila miezi mitatu. La pili, nafasi nne zilizo wazi katika Halmashauri zijazwe leo, mbili na wazee na mbili na vijana, mmoja wa vijana hao akiwa msaidizi wa mweka hazina. Tumemwuliza mweka hazina wetu juu ya jambo hili, naye amesema kwamba macho yake yamechoka na kwamba angefurahi kupata mtu wa kumsaidia. Amesema pia kwamba meza yake ina nafasi ya kiti cha pili.

Karani apokea majina pale mezani karibu na dirisha mpaka chakula kitakapoandaliwa. Kura zitapigwa kwa karatasi, wala si kwa kuinua mikono, na zitahesabiwa mara mbili.